Doa Jeupe

Kemijärvi, Januari, saa nne asubuhi na bado giza.
Namvua Onerva kofia, glavu, buti, ovaroli,
namvua kama mtu amenyaye kitunguu
hadi anabaki na soksi
na kinywa kilichofumbwa kwa makusudi.

Saimi, muuguzi wa meno, hana haraka.
Anamwomba kwanza amhesabie sungura wa kitambaa meno yake:
mawili. Kisha ya mama.
Nafunua kinywa, naye anahesabu kwa sauti,
"Hili la chuma. Hili jeusi. Hapa hamna mtu."
Ndipo anapojisahau, anacheka, na taa inaingia.

Kidole gumba kinainua mdomo wa juu.
Pamba inapangusa mate, hewa inapulizwa kidogo.
"Njoo utazame."
Kando ya ufizi, mstari mweupe,
si weupe wa maziwa wala wa theluji ya leo,
weupe uliokufa, kama chaki.
Likilowa mate doa linajificha. Likikauka linajitaja.

Nami miaka minne hii nilikuwa nikitafuta weusi!
Nikisubiri shimo, nikisubiri kilio cha usiku wa manane.

"Huu bado si ufa," anasema. "Hakuna cha kuziba.
Madini yameanza kulitoka jino,
na mlango yaliotokea ndio huo huo yanaoweza kurudia."

Naendesha gari la kusukuma theluji; barafu naijua.
Ya buluu hubeba lori.
Nyeupe, iliyojaa vitundu, hubeba macho tu,
ukiikanyaga inakumeza.
Lakini naijua pia Aprili: mchana ziwa linalegea,
usiku baridi inarudi kulishona.
Basi kinywa nacho kina mchana na usiku wake,
na usiku wa mwanangu mimi niliujaza juisi.

Saimi hatafuti wa kulaumiwa. Anauliza tu, "Hulala na nini?"
Nasema: na sungura.
Kisha nasema: na chupa.
Juisi ya beri, tangu nilipochukua zamu ya usiku,
tangu bibi yake alipogundua
kuwa utamu hunyamazisha haraka kuliko hadithi.

Anapaka floridi, ya njano, yenye kunata
kama utomvu wa msonobari. Onerva anakunja uso.
Gego moja la nyuma limetutangulia: hudhurungi, laini.
Hilo analipaka dawa ya fedha, na litabaki jeusi
kama dirisha la nyumba iliyohamwa,
ila uozo, tunatumaini, utasimama papo hapo.

Sasa usiku ni maji.
Dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere,
asubuhi na kabla ya kulala, na mswaki naushika mimi,
maana mkono usioweza kufunga kamba za kiatu
haujui njia ya kufika nyuma ya gego.
Tema, usisukutue. Anatema,
nusu kwenye sinki, nusu kwenye mkono wangu.
Pipi zina siku yake, Jumamosi,
na Jumamosi hakuna anayeomba radhi.
Usiku nne aliililia chupa. Wa tano
nilisimama mbele ya jokofu, mlango wazi, miguu ikiganda.

Bibi Hilja alitutazama kutoka kizingitini.
Yeye aling'olewa yote akiwa na miaka kumi na tisa,
kabla ya harusi, zawadi ya baba yake,
ili bwana harusi asije akalipia maumivu.
Pembe haikuwahi kuwa dawa ya pengo, na plastiki je?
Tangu hapo hucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Aprili. Nainua mdomo, nawasha tochi.
Doa lipo. Sitasema limefutika.
Ila linang'aa sasa, gumu, kama ziwa alfajiri.

"Zamu ya bibi," Onerva anaamuru.
Hilja anasita. Anayatoa, anayaweka ndani ya kikombe cha kahawa,
kisha, mara ya kwanza mbele yetu, anafunua kinywa.
Mtoto anachungulia kwa muda mrefu, kila kona.
"Sifuri," anasema kwa upole,
na anampangusa mate.